Malkia Alisema Nini

Jumamosi saluni yangu ya Isevya haina wateja,
ina mashahidi.
Wote wameiona sehemu ya saba, isipokuwa Nyamizi,
kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama,
viganja masikioni:
"Nyamazeni jamani, mimi naangalia leo usiku!"
Hakuna aliyenyamaza.

Malkia kachoma daraja, na kaka yake yuko katikati ya daraja.
Hilo halina ubishi, moshi tuliuona.
Ubishi ni joka: lilitumwa, au lilijiendea?

"Lilitumwa," kasema Sizya wa chuo cha reli,
mkono juu kama anasimamisha behewa.
"Rudini msimu wa kwanza, pale kisimani.
Joka halitemi moto bila kuitwa jina."
Mama Tausi muuza asali hajui msimu ni nini,
ila anajua mtoto wa kike kunyimwa kiti:
"Wangempa ufalme wake mapema,
leo daraja lingekuwepo."
Mihayo hataki joka wala malkia, anawataka waandishi:
"Wamechoka hao. Wameandika kama mtu anayewahi treni,
begi halijafungwa, soksi mkononi."

Kisha mtu, sikumbuki nani, nilikuwa na kitana mdomoni,
akasema: "Lakini lile neno la mwisho,
*Kaka, nilikuwekea chakula, hukuja* —
mimi nililia."

Hapo tukawa kitu kimoja. Hata Sizya.
Kijana wa kuchapa fulana kule sokoni
alishapokea oda sita za neno hilo,
rangi nyeusi, maandishi ya moto.

"Hajasema hivyo."
Ni Tabu, karudi likizo, simu mkononi,
sikio moja kwetu na moja kwenye waya.
"Kwenye ile yenyewe, isiyotafsiriwa, hasemi kitu.
Anamwangalia tu.
Sekunde kumi na moja. Nimehesabu."

Mashine ya kukaushia nywele ikabaki inaongea peke yake.

Tukamwita Kapela, nyumba ya tatu,
anayetafsiri usiku ndani ya blanketi
ili mbwa wa jirani wasiingie kwenye vita vya wafalme.
Kaja na ndala, kikombe cha uji mkononi.
Hakukataa.
"Alinyamaza, kweli. Lakini kimya hakiuzi.
Kibandani watu wanadhani spika imekufa,
wanapiga miluzi, wanadai hela yao.
Nikamwekea neno."

Ikawa mahakama.
Sizya: umeghushi, umeharibu kazi ya watu!
Mihayo: bora ghushi yake kuliko kazi yao.
Mama Tausi: nyuki naye anachukua kwenye ua la mtu,
nani kamshtaki? Mnalamba tu.

"Umelitoa wapi?" nikamuuliza.
Kapela akauangalia uji wake
kama mtu aliyeona nzi.
"Kwa mama. Mjomba alipanda treni ya Mpanda,
akafuata dhahabu.
Mama bado anamwekea, anafunika kwa sahani.
Asubuhi tunakula sisi."

Sikupata la kusema. Nikasuka.
Nilisuka mstari ukaenda upande, nikaufumua.
Ndipo Nyamizi akashusha mikono:
"Kwa hiyo kaka yake anakufa?"

Usiku nilimwazima Tabu simu.
Kiingereza changu ni cha kuombea chenji,
lakini pale hapakuwa na Kiingereza.
Palikuwa na daraja, na uso.
Midomo ya malkia haikutikisika.
Treni ya Kigoma ikapiga honi, ikanichafulia hesabu.
Nikarudisha nyuma, nikaanza upya,
kidole kimoja kimoja juu ya goti.

Ni kumi na mbili, siyo kumi na moja.
Jumatatu watanisikia.